Sitara ya Raia na Macho ya Dola

Katika njia zinazotoka Kivu ya Kusini kuingia Maniema, na hasa ile ipitayo Kabambare kuelekea Kasongo na nchi hizi za Lualaba, msafiri alizoea tangu zamani kuulizwa mambo matatu kila alipofika penye bariere: cheti chake ki wapi, atokako na aendako ni wapi, na fedha ya kupitia ameleta kiasi gani. Siku hizi limeongezeka la nne, nalo ni zito kuliko yote matatu, kwani mwenye bunduki hunyoosha mkono akataka simu, na akiisha kupewa simu hutaka nambari ya kuifungulia, kisha husimama juani akipitia picha na barua na sauti za mtu asiyemjua, na mwenyewe yu kando yake hana la kusema. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari iliyofuata, hofu ya kukaguliwa simu imewaingia wasafiri wote wa mashariki, na wakaguzi si wa upande mmoja tu. Picha moja ya ndugu aliyevaa sare, au wimbo mmoja wa kuusifu upande usiotakiwa mahali pale, waweza kumponza mtu roho yake.

Wanaoitetea desturi hii husema, wala hawasemi uongo mtupu, ya kwamba zama zetu ni zama za hatari ambazo wazee wetu hawakuzijua: kwamba shambulio la usiku hupangwa kwa ujumbe mfupi wa maneno manne, kwamba ndege zisizo na rubani huruka juu ya miji zikiongozwa na mtu aliyekaa mbali asiyeonekana, na kwamba mashine sasa zaweza kuiga sauti ya kiongozi au ya mtoto wako mpaka ukashindwa kupambanua. Huongeza ya kuwa mtu asiye na kosa hana cha kuficha. Mimi nakubali hatari, nakataa matokeo wanayoyatoa katika hatari hiyo. Rai yangu ni kwamba siri ya raia na siri ya mwenye mamlaka si mamoja. Raia mnyonge ndiye anayestahili sitara, na mwenye bunduki, mwenye daftari na mwenye mashine ndiye anayepaswa kuwekwa peupe, ilhali katika nchi yetu mambo haya mawili yamepinduliwa, yule akavuliwa nguo na huyu akafunikwa.

Nyangwe ina haki ya kusema katika jambo hili kuliko miji mingi. Mji huu, waliouweka wafanya biashara wa pwani pamoja na waungwana wao, kadiri ya mwaka 1860, ukingoni mwa Lualaba upande wa mashariki, ulipata sifa kwa soko lake kabla haujapata sifa kwa jambo jingine lolote. David Livingstone, aliyefika hapa mwishoni mwa Machi 1871 akakaa miezi akitafuta mitumbwi ambayo hakuipata, aliandika kwa mastaajabu juu ya wanawake waliokuja kutoka ng'ambo zote mbili, wamejitwika samaki na vyungu na mafuta ya mawese na chumvi na kuku, wakashindana bei kwa furaha, na hata watu ambao vijiji vyao vilikuwa katika ugomvi walipishana njiani bila ya kumgusa mwanamke aendaye sokoni. Amani ile haikuletwa na mtu aliyesimama mlangoni kupekua vikapu. Ilikuwako ada, na ada ilisema kwamba silaha haziingii sokoni. Mzigo wa kulinda usalama wa watu wote ukawekwa juu ya yule awezaye kuuvunja, yaani mwenye silaha, wala haukuwekwa juu ya mama muuza samaki.

Tarehe 15 Julai 1871 ada hiyo ilivunjwa. Watu watatu wa mfanya biashara aitwaye Dugumbe waliingia sokoni na bunduki zao, Livingstone akashangaa kuwaona nazo, mmoja katika watu wake akawakemea, walakini hawakusikia. Wakaanza kugombania bei ya kuku, mara risasi zikalia katikati ya umati, na wenzao waliokuwa karibu na hori ilikofungwa mitumbwi wakawapiga waliokuwa wakiyakimbilia maji. Waarabu wenyewe waliwakisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake, na wengi kwa kuzama, naye Livingstone aliamini kwamba hesabu ya kweli yazidi hapo. Hatari kubwa kuliko zote za siku ile ilikuwa mikononi mwa wale waliokuwa na zana mpya na yenye nguvu kuliko zana zote za nchi, wakaona ya kuwa ada ya soko yawahusu wengine, wao haiwahusu. Tangu nilipoufahamu mkasa huu sijaweza kusikia neno usalama likitamkwa bila ya kuuliza kwanza ni nani mahali hapo aliyeshika bunduki, na ni nani aliyeshika kikapu.

Mkasa huo una mkia wake, nao watuhusu zaidi sisi watu wa karne hii. Karatasi zilikuwa zimemwishia Livingstone, akaandika habari za siku zile juu ya magazeti makuukuu, maandishi yake yakikatiza juu ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa maji ya mmea wa nchi hii. Wino ukafifia, karatasi zikachakaa, na kwa muda wa miaka 140 hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi yale sawasawa. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitangaza kwamba wamezipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, na hapo yakadhihirika maneno ambayo hayakuingia katika kitabu chake kilichochapishwa 1874, miongoni mwake maneno makali juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Je, marehemu alidhulumiwa kwa kufunuliwa alichokiandika? Siamini hivyo. Faragha humfunika mtu katika yaliyo yake: mwili wake, nyumba yake, ibada yake, ugonjwa wake, madeni yake, na mapenzi yake. Kuuawa kwa watu sokoni si mali ya aliyewaua, wala ya aliyeona, hata mmoja wao apate haki ya kukufungia sandukuni. Ni haki ya waliokufa na ya watoto wao, na kila mwanga unaokifunua kitendo cha namna hiyo ni mwanga wa halali. Habari ile ile, ilipofika London 1872, ilikuwa katika sababu zilizoisukuma serikali ya Uingereza kumbana Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, mpaka akatia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, mkataba wa kulifunga soko la watumwa la huko. Ushahidi wa mtu mmoja aliyeona kwa macho yake hapa Nyangwe ulivuka bara na bahari ukawafikia wenye nguvu katika baraza zao.

Katika siku zetu ushahidi huo haungoji wino. Februari 2017 ilienea video iliyopigwa kwa simu, ikionyesha watu waliovaa sare ya jeshi la taifa wakiwaua raia katika kijiji cha Mwanza-Lomba, Kasai ya Mashariki. Msemaji wa serikali alisema kwanza ya kuwa ni picha za kubuni. Hazikupita wiki nyingi, mwendesha mashtaka wa jeshi akawatia mbaroni askari kadhaa, na Julai ya mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ikawapatiliza kwa hukumu. Lau simu ile ingalikamatwa penye bariere na kufutwa kabla video haijatoka, tungalibaki na neno la mkubwa peke yake, na waliokufa wangalihesabiwa kuwa hawakufa. Kwa hiyo nisikiapo kwamba mlinzi amefuta picha katika simu ya msafiri kwa jina la usalama, sioni kwamba ameuhifadhi usalama wa mtu yeyote isipokuwa wake mwenyewe na wa waliomtuma.

Waislamu wa Kasongo na Nyangwe, ambao dini yao ilifika hapa kabla ya kufika sehemu nyingi za Kongo, hawana haja ya kungoja Ulaya iwafundishe thamani ya faragha. Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana aibu, na Sura ya Nur imeamuru ruhusa na salamu kabla mtu hajaingia nyumba isiyo yake, na neno hodi, ambalo hata mtoto mdogo wa Maniema hulitamka kabla hajavuka kizingiti cha jirani, limekuwa ada kwetu bila ya kutofautisha Muislamu na Mkristo. Husimuliwa katika vitabu vya zamani kwamba Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alikuwa akizunguka usiku katika mji wa Madina kuangalia usalama wa watu, akasikia sauti za anasa katika nyumba moja, akapanda ukuta akaingia, akamkuta mtu na kileo mbele yake. Alipomkemea, yule mtu alimjibu kwamba ikiwa mimi nimeasi mara moja, wewe Amirul-Muuminina umeasi mara tatu, kwani umepeleleza nawe umekatazwa kupeleleza, umeingia kwa ukuta nawe umeamriwa kuingia kwa mlango, na umeingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar akakiri, akamwacha baada ya kuahidi kutubu.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mtawala yule alikuwa na dhamana ya mji mzima juu ya shingo yake. Alikuwa mwadilifu ambaye hata mahasimu wake walimkubali kwa uadilifu. Na mtu aliyemkuta hakuwa msafi, alikuwa na kosa la kweli mikononi mwake. Mambo yote matatu yalikuwa upande wa mpelelezi, na bado hoja ilimshinda. Wale wanaosema kwamba asiye na kosa hana cha kuficha wamejibiwa karne kumi na tatu na zaidi zilizopita: hata mwenye kosa ana mlango, na mlango una hodi yake, na anayeuruka ukuta, awe khalifa au awe koplo, ameanza yeye kuvunja sheria aliyokuja kuilinda. Walinzi wetu wa leo hawana uadilifu wa Umar, na simu wanayoifungua ina mambo mengi kuliko nyumba yoyote ya Madina, maana imo ndani yake miaka ya maneno ya mtu na mkewe, cheti cha daktari, picha za watoto wakioga, na akiba ya fedha yote aliyo nayo.

Historia ya nchi hizi yatupa sababu nyingine ya kuwa na hadhari, nayo ni daftari. Jeshi la dola la Mfalme Leopold, likiongozwa na Dhanis, liliuteka mji wa Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili ya mwaka huo, na nyuma ya bunduki zilikuja karatasi. Baadaye, chini ya serikali ya Kibelgiji, mtu mzima alitakiwa kuwa na kitabu cha kumtambulisha na risiti ya kodi yake, na kuhama kutoka eneo la chifu wake kulihitaji ruhusa ya maandishi. Waislamu wa Maniema waliandamwa kwa namna ya peke yake, hasa watu wa tarika ya Kadiriya waitwao muridi, ambao dhikri zao zilishukiwa kuwa ni fitina ya kisiasa, hata ikawa kukusanyika kwa ajili ya ibada ni jambo la kuandikwa katika ripoti ya msimamizi wa wilaya. Yote hayo yalifanywa kwa jina la utulivu wa nchi. Ni uchungu kukumbuka kwamba mtu alipelelezwa kwa sababu ya kumtaja Mungu wake kwa sauti.

Lakini mfano mkubwa uko mlangoni petu mashariki, na sitauficha kwa sababu ya uhasama wa leo, kwani waliokufa hawana uhasama. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandika watu wa Rwanda kila mmoja kwa kabila lake, wakampa cheti chenye neno Hutu, au Tutsi, au Twa. Karani aliyeyaandika maneno yale, pengine kwa mwandiko mzuri na bila ya nia mbaya moyoni, alidhani anaisaidia serikali kupanga kodi na kazi. Miaka sitini hivi ikapita, Wabelgiji wakaondoka, jamhuri zikafuatana, neno likabaki katika cheti. Na Aprili 1994 vyeti vile vilikuwa vikisomwa penye bariere za barabarani, na neno moja likamtenga wa kufa na wa kuishi. Hakuna aliyeweza kumwuliza karani alikusudia nini. Anayetuambia leo tumwamini mwenye kukusanya habari zetu kwa sababu mwenyewe ni mtu mwema, anapaswa kutuambia pia ni nani atakayelirithi daftari hilo baada ya miaka sitini, au baada ya usiku mmoja, kama ilivyotokea kwa ofisi na makabati ya Goma na Bukavu yalipobadilisha wenyewe.

Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa kukosa kadi ya taifa, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa utambulisho wetu tangu uandikishaji wa 2005, nayo imetolewa kwa picha ya uso na alama za vidole. Wala mimi si adui wa kadi. Mkulima asiye na cheti hudhulumiwa katika kila ofisi, hawezi kupokea fedha, hawezi kuthibitisha shamba la babaye, hawezi kumwandikisha mtoto bila ya kuombaomba. Hata jirani zetu Watanzania waliandikisha laini zao za simu kwa alama za vidole mpaka muda ulipokwisha Januari 2020, na asiyejiandikisha akazimiwa. Serikali ina haki ya kumjua raia wake kwa jina. Swali ni nani anayeishika amana hiyo, kwa sheria gani, na akiikhini anashtakiwa wapi.

Tumeona jinsi sababu ya usalama inavyoweza kuvalishwa kitu kingine. Mwaka 2020 ilianzishwa rejista ya simu, ambayo kila Mkongomani aliijua kwa jina la RAM. Tuliambiwa ya kuwa ni kwa manufaa yetu, ili simu za bandia zikomeshwe na wezi wa simu wakose soko. Maneno mazuri, na aliyewahi kuibiwa simu hakuwa na sababu ya kuyakataa. Kisha salio likaanza kukatwa. Simu ndogo ikatozwa dola 1 kwa mwaka, na simu ya kisasa dola 7, kwa mikato midogo midogo iliyomkuta mtu akiwa katikati ya haja yake, katika nchi ambayo wengi wetu hawapati dola mbili kwa siku. Mama wa kijijini aliyetia salio ili aulize hali ya mgonjwa alikuta limeliwa kabla hajapiga. Watu wakapiga kelele katika miji yote, wabunge wakahoji, na mwanzoni mwa 2022 tozo hiyo ikafutwa. Katika kelele hizo zote tulidai fedha zetu, na tulikuwa na haki, lakini ni wachache waliouliza juu ya nambari zenyewe, yaani juu ya orodha inayounganisha chombo na mtu anayekitumia, ambayo kwa mwenye kuipeleleza nchi ina thamani kuliko dola saba mara nyingi. Mfuko ulituuma, tukasahau kwamba majina yetu nayo yalikuwa yakichukuliwa.

Sheria hatukukosa. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake, isiguswe ila kwa mambo yaliyotajwa na sheria. Kifungu cha 29 kimeilinda nyumba kadhalika. Na sheria ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 imeweka masharti juu ya kukusanya na kutunza habari za watu. Pamoja na sheria hizi, tunajua pia jinsi mwenye mamlaka anavyojifunika wakati anapotakiwa kuonekana: baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima tangu siku ya pili yake mpaka 19 Januari 2019, kwa hoja ya kuzuia uvumi wa matokeo, na wakati ule hasa ambao raia walihitaji kujua kura zao zinahesabiwaje ndipo walipotiwa gizani.

Sitaki msomaji wa Kabambare adhani nimesahau taabu zake. Watu wa Salamabila, waliokaa miaka mingi baina ya dhahabu ya Namoya, kampuni ya kigeni, askari na wanamgambo wa Mai-Mai Malaika, wanajua kuliko mwandishi yeyote maana ya kulala bila ya kuvua nguo. Na hatari haikomi mpakani: Kampala ililipuliwa mara mbili kwa siku moja, tarehe 16 Novemba 2021, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge, na mkono uliofanya hivyo ni wa waasi wale wale waliowachinja watu wa Beni. Mtekaji anayedai fidia kwa simu, akataka fedha zipelekwe kwa nambari aliyoitaja, amejivua sitara yake mwenyewe. Na apelelezwe, simu yake ifuatwe, nambari yake ifunguliwe, nami sitatia neno. Ila iwe ni nambari yake, kwa amri ya hakimu iliyoandikwa, yenye jina la mtu na sababu na mwisho wa muda. Hicho ni kitu kimoja, na kusimamisha gari la abiria na kufungua simu za watu wote waliomo, tangu kiongozi wa chama mpaka bibi anayekwenda matangani, ni kitu kingine kabisa. Cha kwanza humtafuta mhalifu. Cha pili huwafanya raia wote kuwa wahalifu mpaka watakapoachiliwa na mtu ambaye hata jina lake hawalijui.

Tena cha pili hakifiki kwenye hatari yenyewe. Mwuaji mwenye akili hapiti na simu yake penye bariere, huiacha, au huisafisha, au hupita msituni. Anayekamatwa ni mwanafunzi aliyesahau picha. Wakati huo huo ziko zana, kama ile iitwayo Pegasus ya kampuni ya Israeli, ambayo magazeti ya nchi nyingi yalifichua Julai 2021 jinsi inavyoingia katika simu bila ya mwenyewe kubonyeza chochote, ikageuza chombo chake kuwa sikio la mwingine. Zana ya namna hiyo hainunuliwi na kijana wa msituni. Hununuliwa na dola. Ndiyo maana nasema hatari kubwa ya teknolojia hukaa mahali penye uwezo mkubwa, na hapo ndipo ada ya soko inapopaswa kufunga kwanza.

Jirani zetu wa Kenya wameonyesha kwamba jambo hili lawezekana katika Afrika hii hii. Serikali yao ilipotaka kumwandikisha kila mtu katika Huduma Namba, raia walikwenda mahakamani, wakitanguliwa na jumuiya ya Wanubi, watu ambao kwa vizazi walinyimwa vyeti na kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuitamani kadi. Na Mahakama Kuu, tarehe 30 Januari 2020, ikakataza kukusanywa kwa vinasaba na alama za mahali mtu akaapo, ikataka kwanza kanuni za kulinda habari za watu. Oktoba 2021 jaji mwingine akaamua kwamba kutoa kadi hizo kabla ya kupima madhara yake kwa faragha kulikuwa kinyume cha sheria. Dola halikuanguka kwa hukumu hizo, wala magaidi hawakufurahi. Serikali ilirudi mezani ikaandika upya.

Kwetu Maniema mtu hawezi kungoja Kinshasa ipange yote ndipo aanze. Baraza la jimbo lililoko Kindu, na wasimamizi wa wilaya za Kasongo na Kabambare, wana uwezo wa kutaka kila bariere iwe na jina la mkubwa wake limeandikwa mahali pa kusomeka, na kila aliyekaguliwa simu apewe karatasi yenye sababu na jina la aliyemkagua, na asiye na amri ya hakimu asitake nambari ya siri ya mtu. Masheikh na mapadri wana mimbari zao, na redio za mji zina saa zao za jioni. Na kifungu cha 142 cha Katiba kimeiamuru serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa. Sheria ya mambo ya dijitali imetangazwa tangu Machi 2023. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne, na ndicho lugha ya soko la Nyangwe. Tuletewe nakala yake, isomwe redioni kifungu kwa kifungu, na nakala moja ibandikwe penye kila bariere, kwa urefu wa macho ya mtu aliyesimama.